Kutoka Mtwara hadi Ho Chi Minh: mwongozo kamili wa kupima umbali wa anga na muda wa safari

Korosho za Mtwara na Lindi huenda Vietnam kila msimu, ghafi, ndani ya magunia, kwa meli. Siku hizi na watu nao wameanza kuzifuata: kijana wa kiwanda kidogo cha kubangua anayetaka kuona mashine zinavyofanya kazi kule, kiongozi wa chama cha msingi aliyealikwa na mnunuzi, mfanyabiashara anayetafuta soko lake mwenyewe. Wote huuliza maswali mawili yaleyale. Ni mbali kiasi gani? Na nitafika lini?

Majibu ya haraka ni haya. Kutoka uwanja wa ndege wa Mtwara hadi uwanja wa Tan Son Nhat, Ho Chi Minh, njia fupi kabisa ya anga ni kama kilomita 7,700. Hakuna ndege ya abiria inayoipita njia hiyo. Ukipitia Dar es Salaam na Doha utaruka kama kilomita 10,200. Ndani ya ndege utakaa saa 14 na nusu hivi, lakini kuanzia unapofunga mlango wa nyumbani hadi unapotoka nje ya uwanja wa kule, safari inakula zaidi ya saa 28.

Mwongozo huu unaonyesha namba hizo zinavyopatikana, ili ukiwa unaenda Mumbai kwa matibabu, Guangzhou kwa bidhaa au Toronto kwa mwanao, uzipate mwenyewe kwa njia hiyohiyo. Nimeuandika kwa sababu naona watu wengi wanapewa tiketi na wakala bila kuelewa kilichoandikwa ndani yake, na fedha yenyewe ni ya msimu mzima.

Kwanza, jua msimbo wa kila uwanja

Kila uwanja wa ndege una msimbo wa herufi tatu unaotumika kwenye tiketi na kwenye lebo ya begi lako. Mtwara ni MYW. Lindi, yaani Kikwetu, ni LDI. Dar es Salaam ni DAR, Doha ni DOH, Dubai ni DXB. Ho Chi Minh ni SGN, kwa kuwa zamani mji huo uliitwa Saigon. Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, ni HAN, na uko mbali sana na Ho Chi Minh. Mtu aliyealikwa Ho Chi Minh akikatiwa tiketi ya Hanoi kwa kuwa zote ni Vietnam, itambidi anunue tiketi nyingine akishafika.

Ukishakuwa na misimbo, njia rahisi ya kupata umbali ni kuandika MYW-SGN kwenye tovuti ya Great Circle Mapper. Itakuchorea mstari na kukupa umbali. Google Earth nayo ina rula ya kupimia kutoka nukta moja hadi nyingine. Kwa watu wengi hiyo inatosha, na anayetaka kuishia hapo aruke sehemu inayofuata. Mimi nashauri uisome, maana ukiielewa huwezi kudanganywa na ramani.

Kupima umbali kwa kikokotoo cha simu

Ramani ya ukutani ni bapa, dunia ni mviringo. Ndiyo maana mstari ulionyooka kwenye ramani mara nyingi si njia fupi. Chukua tufe la shuleni, shika uzi kwenye Dubai, uvute hadi Los Angeles mpaka ukaze: uzi utapanda juu kabisa, karibu na Ncha ya Kaskazini, mahali ambapo kwenye ramani ya ukutani hungewaza kupita. Njia hiyo ya uzi uliokazwa ndiyo tunayoihesabu.

Unahitaji latitudo na longitudo ya kila uwanja, kwa nyuzi. Ukibonyeza kwa muda mahali popote kwenye Google Maps namba hizo hutokea.

Mtwara: latitudo 10.34 kusini, longitudo 40.18 mashariki.
Ho Chi Minh: latitudo 10.82 kaskazini, longitudo 106.65 mashariki.

Fungua kikokotoo cha simu, kilaze upande ili vitufe vya sin na cos vionekane, na hakikisha kimewekwa DEG, siyo RAD. Kikiwa kwenye RAD majibu yote yatakuwa takataka. Kisha nenda hivi.

Tafuta tofauti ya longitudo: 106.65 kutoa 40.18 ni 66.47. Viwanja vyote viwili viko mashariki, kwa hiyo unatoa. Kama kimoja kingekuwa magharibi ungejumlisha.

Zidisha sin ya latitudo ya kwanza kwa sin ya latitudo ya pili. Latitudo ya kusini iwekee alama ya kutoa. Sin ya −10.34 ni −0.1795, sin ya 10.82 ni 0.1877. Jibu: −0.0337.

Zidisha cos ya latitudo ya kwanza, cos ya latitudo ya pili, na cos ya ile tofauti ya longitudo. Yaani 0.9838 mara 0.9822 mara 0.3992. Jibu: 0.3857.

Jumlisha majibu hayo mawili: 0.3520.

Bonyeza kinyume cha cos, kitufe kilichoandikwa cos⁻¹. Unapata nyuzi 69.39. Hiyo ndiyo pembe kati ya viwanja viwili ukisimama katikati ya dunia.

Zidisha kwa 60 upate maili za baharini, ambazo ndizo marubani wanazotumia: 4,163. Kisha zidisha kwa 1.852 upate kilomita: 7,710.

Tofauti ya kilomita kumi au ishirini na utakachokiona kwenye tovuti isikusumbue. Dunia si duara kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha, na hesabu hii inaichukulia kama duara.

Anayeogopa sin na cos ana mlango mwingine, ila unafunguka kwa safari zisizotoka mbali na Ikweta tu. Mtwara iko nyuzi kumi na kitu kusini, Ho Chi Minh nyuzi kumi na kitu kaskazini, kwa hiyo Ikweta iko katikati yao. Hapo unaweza kutumia hesabu ya pembetatu mraba ya sekondari: tofauti ya latitudo ni 21.16, ya longitudo ni 66.47, kila moja izidishe kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Unapata nyuzi 69.76. Zidisha kwa 60 na kwa 1.852 kama mwanzo, ni kilomita 7,750. Umekosea kwa kilomita 40 tu katika safari ya zaidi ya elfu saba. Lakini usiijaribu njia hii kwa Toronto. Itakupa kilomita 14,600 wakati njia fupi ya kweli ni kama 13,170. Kadiri unavyoelekea kaskazini, mistari ya longitudo inakaribiana, na hesabu ya pembetatu haina habari hiyo.

Kwa masafa mafupi kama Mtwara hadi Dar, kanuni ya sin na cos inataka uache desimali zote kwenye kikokotoo bila kukata. Ukizifupisha kuwa nne, jibu linaweza kupotoka sana. Pima kwa rula ya ramani tu: ni kama kilomita 400. Kwa barabara ni zaidi ya 550.

Umbali wa kweli ni wa vipande

Sasa weka kando ile 7,710. Kazi yake ni kuwa kipimo cha kulinganishia. Safari utakayoifanya ni jumla ya vipande, na kila kipande kinapimwa peke yake:

Mtwara–Dar es Salaam, 400.
Dar es Salaam–Doha, kama 3,800.
Doha–Ho Chi Minh, kama 6,000.

Jumla 10,200. Umezunguka kilomita 2,500 zaidi, karibu theluthi ya njia fupi. Ukipitia Dubai, vipande viwili vikubwa ni kama 3,950 na 5,600, na jumla yake pamoja na Mtwara inakaribia 10,000. Tofauti hiyo ni ndogo. Usichague njia kwa kilomita mia mbili, chagua kwa muda wa kusubiri na kwa aina ya tiketi.

Lakini ukiona njia inayofanya safari ya kwenda Asia ifikie kilomita 14,000 au 15,000, kwa mfano ikikupeleka kwanza Ulaya kisha ikurudishe mashariki, simama hapo. Bei inaweza kuwa ndogo, ila utalipa kwa mwili, na pengine kwa viza ya kupitia nchi ambayo huna shida nayo. Njia iliyozidi njia fupi kwa nusu yake au zaidi inastahili kuulizwa maswali kabla ya kulipiwa.

Kubadilisha kilomita kuwa saa

Ndege kubwa ya masafa marefu huenda kama kilomita 850 hadi 900 kwa saa ikiwa juu. Chini hapo kuna kutembea kuelekea njia ya kurukia, kupaa, kushuka, kuzunguka kungoja zamu. Kanuni ninayoiamini: gawa kilomita kwa 850, kisha ongeza dakika 40.

Doha–Ho Chi Minh: 6,000 kwa 850 ni saa 7 na dakika 4. Ongeza 40, ni saa 7 na dakika 44. Dar–Doha kwa kanuni hiyo ni saa 5 na dakika 8, lakini ratiba mara nyingi huonyesha saa 5 na nusu hadi karibu 6. Njia za anga haziendi moja kwa moja kama uzi. Zinafuata vituo vilivyopangwa na kukwepa anga zenye vita, na mashirika hujiwekea dakika za akiba ili yasionekane yamechelewa. Ukiona ratiba imezidi hesabu yako kwa nusu saa, hakuna kilichoharibika.

Mtwara–Dar haifuati kanuni hii. Kipande hiki mara nyingi huendeshwa na ndege za pangaboi, ambazo ni za polepole kuliko jeti. Hesabu saa moja hadi saa moja na dakika kumi na tano.

Kisha kuna upepo. Watu wa pwani tunaujua kusi na kaskazi, na wavuvi wa Msangamkuu wanapanga siku zao kwa pepo hizo. Huko juu, kilomita kumi au kumi na moja kutoka baharini, kuna pepo nyingine. Katika latitudo za Ghuba, kaskazini mwa India na China, hasa miezi ya Desemba hadi Machi, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Unaisukuma ndege ukienda Vietnam na unaikabili ukirudi. Ndiyo maana Doha–Ho Chi Minh inaweza kuwa saa 7 na robo wakati wa kwenda, na saa 8 wakati wa kurudi, kwa umbali uleule. Mtu akikuambia amekwenda kwa muda mfupi kuliko aliorudi, hajakosea.

Saa za tiketi na saa zetu

Hapa ndipo watu wanapoachwa na ndege, kwa hiyo tukae kidogo.

Tiketi huandika saa za mzunguko wa 24, na kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika. Kuzigeuza kuwa saa za Kiswahili kuna kanuni tatu fupi. Kuanzia 00 hadi 06, ongeza 6: 02:10 ni saa 8:10 usiku. Kuanzia 07 hadi 18, toa 6: 17:10 ni saa 11:10 jioni. Kuanzia 19 hadi 23, toa 18: 22:55 ni saa 4:55 usiku.

Hilo ni jepesi. Gumu ni tarehe. Mzee mmoja wa Ligula alinijia na karatasi ya tiketi ya mwanawe, imeandikwa Alhamisi, 00:30.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisomee hapa. Kijana anasema anaondoka Dar Jumatano usiku. Mimi naona Alhamisi. Sasa Jumatano anaenda kufanya nini uwanjani?"

Kijana alikuwa sahihi. Alhamisi ya kwenye tiketi inaanza saa 6:00 za usiku, na 00:30 ni saa 6:30 usiku, usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi. Anatakiwa awe uwanjani Jumatano saa 3:30 usiku. Angekwenda Alhamisi jioni, kama baba yake alivyodhani, ndege ingekuwa imeshatua na kuondoka tena na wengine.

Kwa hiyo kila ndege inayoondoka kati ya 00:00 na 05:59, iandike pembeni ya tiketi kwa kalamu: "usiku wa siku fulani kuamkia siku fulani". Andika pia siku na saa ya kutoka nyumbani. Ndege nyingi za kimataifa huondoka katika saa hizo, kwa hiyo usidhani halitakuhusu.

Sasa tofauti ya saa kati ya nchi. Tanzania iko saa 3 mbele ya saa ya dunia, UTC. Qatar nayo ni 3, kwa hiyo ukishuka Doha hugusi saa yako. Dubai ni 4. India ni 5 na nusu, na hiyo nusu husahauliwa sana. Vietnam ni 7, China ni 8. Nchi hizi zote hazibadilishi saa katikati ya mwaka. Ulaya hubadilisha, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Uingereza, kwa mfano, iko nyuma yetu kwa saa 3 wakati wa baridi yao na saa 2 wakati wa kiangazi chao.

Kupata muda halisi wa safari, geuza saa zote ziwe za Tanzania ndipo utoe. Ukitoa bila kugeuza utapata jibu la uongo. Mfano mzuri ni kurudi: ndege inaondoka Ho Chi Minh 19:00 na kufika Doha 23:00. Kwa macho ni saa 4. Lakini 19:00 ya Vietnam ni 15:00 ya Tanzania, na Doha ni sawa na sisi. Kutoka 15:00 hadi 23:00 ni saa 8, na utazihisi zote nane kwenye magoti.

Mfano mzima, kipande kwa kipande

Saa zifuatazo nimezipanga kwa ajili ya kufundishia tu. Ratiba hubadilika kila msimu, wewe tumia za tiketi yako.

Jumatatu 06:45, saa 12:45 asubuhi, unatoka nyumbani Shangani kwa bajaji. Uwanja uko kilomita chache kusini ya mji. Anayetoka Lindi aongeze barabara ya kilomita mia moja na kitu, anayetoka Masasi kama 200, na kwa wote hao naona ni busara kulala Mtwara.

08:30 unaruka, 09:40 unatua Dar. Saa 1 na dakika 10.

17:10 unaruka kutoka Dar. Umesubiri saa 7 na nusu. 22:55 unatua Doha. Saa 5 na dakika 45.

02:10 Jumanne, yaani usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne, unaruka tena. Umesubiri saa 3 na robo. Unatua Ho Chi Minh 13:40 kwa saa za huko. Toa 4: ni 09:40 ya Tanzania. Umeruka saa 7 na nusu.

Foleni ya uhamiaji, begi, kubadilisha fedha: saa moja na nusu. Unatoka nje 15:10 ya Vietnam, 11:10 ya Tanzania.

Hesabu: angani ni saa 14 na dakika 25. Kutoka Jumatatu 06:45 hadi Jumanne 11:10 ni saa 28 na dakika 25. Nusu ya safari hukuwa angani kabisa. Hii ndiyo sababu ninasisitiza kwamba kilomita peke yake hazijibu swali la "nitafika lini". Ndege ya moja kwa moja, kama ingekuwepo, ingekuchukua saa 9 na dakika 45 hivi.

Kipande kifupi ndicho cha kuogopa

Katika safari yote ya kilomita elfu kumi, kipande kinachoweza kukuharibia mipango kuliko vyote ni kile cha kilomita 400. Ndege za Mtwara kwa siku ni chache. Ya asubuhi ikifutwa au ikiahirishwa, huna nyingine baada ya saa moja. Na kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapoanza, wanunuzi na maofisa hujaza viti.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa muulize wakala swali moja: hii ni tiketi moja au ni mbili? Kama Mtwara hadi Ho Chi Minh iko kwenye tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa ni wajibu wa shirika kukutafutia nyingine, na kwa kawaida begi lako huandikiwa hadi mwisho. Kama ya Mtwara–Dar imekatwa peke yake, ukichelewa ni juu yako, shirika la kimataifa litakuhesabu kuwa hukutokea. Pia begi utalichukua mwenyewe Dar, na utahama jengo: ndege za ndani hutua Jengo la Pili, za kimataifa huondoka Jengo la Tatu, na kwa mzigo unahitaji gari.

Kwa tiketi mbili, ushauri wangu hauna kona: lala Dar. Fedha ya chumba kimoja ni ndogo kuliko tiketi ya Asia iliyopotea. Kwa tiketi moja, saa 4 za kuunganisha Dar zinaweza kutosha, ila mimi napenda 6.

Angalia pia uzito wa mzigo kwa kila kipande. Ndege ndogo ya ndani inaweza kuruhusu kilo chache kuliko ile ya kimataifa, na kwa tiketi mbili kiasi kidogo ndicho kinachokubana. Anayebeba sampuli ya korosho ghafi ashughulikie cheti cha afya ya mimea mapema, siyo siku ya safari.

Basi nalo ni njia halali. Linaondoka alfajiri, linapita Nangurukuru, Somanga na Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, na mchana kutwa unaishia barabarani. Tangu daraja hilo lifunguliwe mwaka 2003 safari imekuwa ya uhakika kuliko enzi za kivuko, lakini mvua za Mei 2024, zilizokuja na kimbunga Hidaya, zilikata barabara upande wa Kilwa na watu wakakwama kwa siku kadhaa. Msimu wa masika, anayetegemea basi afike Dar siku mbili kabla ya ndege yake.

Panga kutoka mwisho kuja mwanzo

Usianze na siku unayotaka kuondoka. Anza na saa unayotakiwa kuwa umekaa kwenye kiti kule.

Tuseme mkutano ni Jumatano saa 3 asubuhi, Ho Chi Minh. Kwa Tanzania ni Jumatano 05:00, saa 11 alfajiri. Rudi nyuma saa 28 na nusu: unaangukia usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne, saa ambazo hakuna ndege ya Mtwara. Kwa hiyo safari ya mwisho inayokufaa ni ya Jumatatu asubuhi, ile ya mfano wetu, inayokufikisha Jumanne alasiri na kukuachia usiku mmoja wa kulala. Mwili wako utakuwa unaamini ni saa 11 alfajiri mkutano unapoanza. Ukiwa na mkataba wa kusaini, ongeza siku moja mbele, ondoka Jumapili.

Mgonjwa anayekwenda India ahesabu hivyohivyo kutoka saa ya miadi ya daktari, na anayetumia dawa kwa saa maalumu, kama ya kisukari, aulize hospitali kabla ya kuondoka azinywe vipi njiani. Saa ya mkononi iache kwenye saa za Tanzania hadi utue mwisho. Simu itajibadilisha yenyewe, na ukiwa na zote mbili utajua wakati wa dawa na wakati wa ndege bila kuchanganya.

Viza ya Vietnam siku hizi huombwa mtandaoni: tangu Agosti 2023 viza hiyo inatolewa kwa raia wa nchi zote, hadi siku 90. Iombe kabla ya kulipa tiketi isiyorudishwa.

Kurudi

Hesabu ya kurudi ifanye upya, usiigeuze ile ya kwenda. Vipande vya angani vitaongezeka kidogo kwa sababu ya upepo, na mara nyingi utatua Dar katika saa ambazo ndege ya Mtwara imeshaondoka. Ukitua Dar 14:00, ukatoka na begi 15:15, na ndege ya Mtwara ni kesho 06:30, basi umeongeza usiku mmoja na lazima uwepo kwenye bajeti tangu mwanzo. Waachie nyumbani karatasi yenye saa za Tanzania tu, kila kipande na saa yake ya kuruka na kutua, ili wajue wakati gani simu yako itakuwa imezimwa na wakati gani bajaji ikusubiri uwanjani.